Kuhamisha simu za ofisi ndogo kwenda tranki ya SIP: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila ninapoitwa kuokoa ofisi iliyohamishia simu zake kwenye intaneti, nakuta malalamiko yale yale matatu. Mteja anasikika lakini yeye hamsikii mhudumu. Simu inakatika ikifika kama nusu dakika. Au namba kuu ya ofisi, iliyochapishwa kwenye kila karatasi, imepotea. Ni nadra mtambo wenyewe kuwa na kosa. Kosa huwa kwenye ruta, kwenye fomu zilizojazwa vibaya, au kwenye haraka ya kukata laini za zamani.

Shika jambo moja kabla hujagusa waya wowote. Simu ya SIP, yaani simu inayopigwa kupitia intaneti kwa itifaki hiyo, ina safari mbili. Ishara, yaani ujumbe wa kupiga, kupokea na kukata, hupita njia yake. Sauti hupita njia nyingine, kwa itifaki ya RTP, kwenye poti tofauti, yaani milango ya mtandao yenye namba, na mara nyingi hata kwenye seva tofauti ya mtoa huduma. Ndiyo maana simu inaweza kulia na kupokewa vizuri huku sauti imekwama njiani. Mwongozo huu unazipima safari hizo mbili kila moja peke yake.

Tranki, kwa ambaye neno hili ni geni, ni kiungo kati ya mtambo wa simu wa ofisi, ule unaoitwa PBX, na mtoa huduma. Zamani kiungo hicho kwa kawaida kilikuwa nyaya za shaba, jozi moja ya waya kwa kila simu inayoendelea. Tranki ya SIP hubeba simu nyingi kwa pamoja ndani ya intaneti.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Bili ya karibuni ya kila laini, inayoonyesha jina la mmiliki, anwani na namba ya akaunti.
- Nywila za msimamizi za ruta, swichi na mtambo wa simu. Kama fundi wa zamani aliondoka nazo, lishughulikie hilo leo. Bila ruta hutavuka hatua ya sita.
- Intaneti isiyotegemea laini ya simu unayotaka kuihamisha.
- Anwani ya IP ya kudumu, ikipatikana. Si lazima, lakini huondoa nusu ya taabu.
- UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, inayotosha kubeba modemu, ruta, swichi na mtambo kwa pamoja.
- Namba ya majaribio kutoka kwa mtoa huduma mpya. Asiyekubali kukupa namba ya majaribio, tafuta mwingine.
- Simu mbili za mkononi za mitandao tofauti.
- Kompyuta yenye Wireshark, programu ya bure ya kuangalia pakiti, yaani vipande vya data, zinazopita kwenye mtandao.

## Hatua ya 1: Fuata kila waya mpaka mwisho wake

Usiiamini bili peke yake. Nenda kwenye kisanduku cha nyaya, chomeka simu ya kawaida kwenye kila jozi, piga simu yako ya mkononi, uandike namba inayotokea. Kisha fuata waya uone unaishia wapi.

Utashangaa. Ofisi hudhani ina laini 4 za mtambo, kumbe moja inaitumikia faksi, nyingine kengele ya wezi, nyingine simu ya dharura ndani ya lifti. Vifaa hivyo havitumii laini kama simu za mezani. Faksi na kengele hutuma milio au data inayotegemea waya wa shaba, na simu ya lifti mara nyingi hupata hata umeme wake kwenye waya huo pale umeme wa jengo unapokatika. Usivihamishe pamoja na simu za watu. Waulize wanaovitunza kama kuna njia nyingine iliyothibitishwa, na mpaka wajibu, waya wao uachwe.

Kuna mtego mmoja mkubwa kuliko yote. Kama intaneti yako ni DSL, inapita kwenye waya wa mojawapo ya namba hizo. Nilishaingia ofisi ambayo namba yake kuu ilihamishwa asubuhi, laini ya zamani ikafungwa yenyewe kama ilivyo kawaida, na intaneti ikazimika papo hapo. Simu mpya zikafa pamoja nayo. Walikaa siku 3 bila njia yoyote ya kupigiwa. Angalia namba ya DSL kabla ya kitu kingine chochote.

Umefaulu ukiwa na orodha ambayo kila namba ina kifaa chake na uamuzi wake: inahama, inabaki, au inafungwa.

## Hatua ya 2: Hesabu chaneli unazohitaji

Chaneli moja ni simu moja inayoendelea kati ya ofisi na nje. Simu za ndani, ekstensheni kwa ekstensheni, hazili chaneli. Lakini simu iliyoingia kutoka nje na kupelekwa kwenye simu ya mkononi ya mfanyakazi hula chaneli 2, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Wengi hulisahau hili, kisha wanalalamika kuwa laini zinajaa ilhali watu wanaoongea ni wachache.

Chukua saa yenye shughuli nyingi zaidi kwa siku. Tuseme ina simu 40, kila moja ya wastani wa dakika 3. Hizo ni dakika 120 za maongezi ndani ya dakika 60, yaani mzigo wa erlang 2. Kanuni ya Erlang B, ambayo wahandisi wa simu wameitumia kwa miaka mingi, inasema ukitaka kama simu 1 tu kati ya 100 ikose nafasi, mzigo huo unahitaji chaneli 7. Chaneli 10 hubeba erlang 4.4 hivi kwa kiwango hicho hicho. Ona kwamba chaneli 3 zaidi zinakaribia kuongeza uwezo mara mbili: kundi kubwa la chaneli hutumika vizuri kuliko dogo.

Jedwali za Erlang B zinapatikana mtandaoni bure. Usikisie kwa idadi ya simu za mezani.

## Hatua ya 3: Pima intaneti ikiwa na mzigo

Kodeki ni kanuni ya kugeuza sauti kuwa data. Ile ya kawaida, G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa sauti yenyewe. Ukiongeza vichwa vya pakiti inafika karibu 87 kila upande. Panga 100 kwa kila chaneli. Chaneli 7 basi ni kilobiti 700 kwenda na 700 kurudi, kiasi ambacho intaneti nyingi za siku hizi hukibeba bila taabu. G.729 hubana hadi karibu 31, lakini ubora wa sauti unashuka na faksi haipiti. Ningeitumia pale tu kasi inapokosekana kabisa.

Kasi basi si shida kubwa. Shida ni uthabiti. Fanya jaribio hili: anza kupakia faili kubwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, na wakati linapanda, tuma ping kwenye seva ya mtoa huduma wa simu kwa dakika 10. Fanya hivyo saa za kazi, si usiku.

Unatafuta pakiti zinazopotea chini ya asilimia 1, na jita, yaani tofauti ya muda kati ya pakiti na pakiti, chini ya milisekunde 30. Pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Ping hupima kwenda na kurudi, kwa hiyo gawanya kwa mbili.

Ping ikiruka kutoka milisekunde 30 hadi 400 faili linapopanda, ruta yako inapanga foleni ndefu mno. Weka kikomo cha kupakia kwenye ruta kwenye asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi, kisha ipe sauti kipaumbele kwa alama ya DSCP 46. Alama hiyo kwa kawaida haiheshimiwi pakiti ikishatoka kwenda intaneti ya nje, lakini ndani ya ruta yako, ambako ndiko msongamano huanzia, inatosha.

Usiendelee kama jaribio hili linashindwa. Hakuna mpangilio wa mtambo utakaorekebisha pakiti zilizopotea.

## Hatua ya 4: Jua mtambo wako unaunganishwaje

Mtambo unaoelewa SIP wenyewe unaunganishwa moja kwa moja. Ruka hadi hatua ya 5.

Mtambo wa zamani unahitaji kigeuzi, kisanduku kinachoongea SIP upande mmoja na lugha ya mtambo upande wa pili. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kununua kifaa kisichofaa. Kumbuka hivi: poti ya FXS *inatoa* laini, yaani umeme na mlio wa kupigia. Poti ya FXO *inapokea* laini. Tundu la mtambo lililokuwa likipokea waya wa kampuni ya simu ni FXO. Kigeuzi chako basi lazima kiwe cha FXS. Ukinunua cha FXO, vyote viwili vitakaa vikisubiri umeme wa mwenzake.

Jambo la pili kwenye kigeuzi cha FXS ni kukata simu. Mtambo wa zamani hujua mteja amekata kwa kuona umeme umegeuzwa au umekatika kidogo kwenye waya. Kama kigeuzi hakifanyi hivyo, laini itabaki imeshikiliwa muda mrefu baada ya maongezi kwisha, na kufikia mchana laini zote zitaonekana zina watu. Tafuta mpangilio huo kwenye kigeuzi na uuwashe.

Mtambo wenye kadi ya E1 hubeba simu 30 kwa waya mmoja. Wa T1 kwa mtindo wa PRI hubeba 23. Saa ya waya huo, yaani mapigo yanayopanga data, itolewe na upande mmoja tu: kigeuzi kiongoze, mtambo ufuate. Vyote vikiongoza utasikia mikwaruzo ya sauti kila baada ya muda, na faksi zitakatika katikati. Kebo kati yao mara nyingi huwa ya kuvuka, waya za 1 na 2 zikienda kwenye 4 na 5. Si sawa na kebo ya kuvuka ya kompyuta.

## Hatua ya 5: Mtoa huduma akujibu kwa maandishi

Tuma maswali haya kwa barua pepe, usubiri majibu kabla ya kusaini:

1. Mnatambua tranki kwa usajili wa jina na nywila, au kwa anwani yangu ya IP?
2. Ishara inatoka kwenye anwani zipi? Na sauti inatoka kwenye anwani zipi?
3. Mnakubali kodeki zipi, na kwa mpangilio gani?
4. Namba zije kwa muundo gani, wa kimataifa wenye alama ya kujumlisha au wa ndani?
5. Namba inayopigwa mnaiweka sehemu gani ya ujumbe simu inapoingia?
6. Tarakimu zinazobonyezwa kwenye menyu mnazibeba kwa kiwango cha RFC 4733?
7. Faksi kwa T.38, njia ya kubeba faksi kwenye intaneti, inakubaliwa?
8. Naweza kuweka kikomo cha matumizi kwa siku na kufunga nchi nisizopiga?
9. Simu ya namba ya dharura inaelekezwaje, na anwani ya ofisi naiandikisha wapi?

Swali la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo linalozaa sauti ya upande mmoja. Wengi hufungua ruta kwa anwani ya ishara tu.

## Hatua ya 6: Ruta na faiwali

Hapa tuchukue muda. Kazi nyingi nilizookoa zilifia kwenye hatua hii.

Zima SIP ALG. Hiki ni kipengele cha ruta kinachodai kusaidia simu za intaneti kwa kuandika upya anwani zilizo ndani ya ujumbe. Mara nyingi huziharibu. Jina lake hubadilika kulingana na ruta, na mara nyingine hujificha chini ya ukurasa wa NAT (ubadilishaji wa anwani za ndani kuwa ya nje) au usalama. Ukishaizima, washa ruta upya, kisha urudi kuhakikisha imebaki imezimwa. Baadhi ya ruta huiwasha tena baada ya kusasishwa.

Ondoa NAT mbili. Kama modemu ya kampuni ya intaneti nayo inagawa anwani, na nyuma yake kuna ruta yako, pakiti zinabadilishwa anwani mara mbili. Omba modemu iwekwe iwe daraja tu, ruta yako pekee ndiyo igawe.

Mwambie mtambo anwani yake ya nje. Mtambo ulio ndani ya ofisi unajijua kwa anwani kama 192.168.1.20. Usipouelekeza, utaiandika anwani hiyo kwenye ujumbe kama mahali pa kupokelea sauti. Mtoa huduma hawezi kutuma chochote huko, kwa kuwa anwani hizo hazipo kwenye intaneti. Ishara itapita, simu italia, na wewe hutasikia kitu. Tafuta sehemu ya anwani ya nje kwenye mtambo, uiandike, na chini yake utaje mitandao ya ndani ili simu za mezani zisichanganyikiwe.

Fungua poti kwa mtoa huduma peke yake. Ishara ya SIP kwa kawaida hutumia poti 5060, au 5061 ikiwa imesimbwa kwa TLS. Sauti hutumia safu ya poti uliyoweka kwenye mtambo. Kwenye Asterisk, programu ya bure ya mtambo wa simu, kwa mfano, mfano wa kawaida wa mipangilio ni 10000 hadi 20000. Ruhusu poti hizo kutoka kwenye anwani ulizopewa katika hatua ya 5 tu. Ukiifungua 5060 kwa dunia nzima, roboti za kubahatisha nywila zitaanza kugonga, na hazichoki.

Weka mlango ukiwa hai. NAT ya ruta husahau njia ya UDP, itifaki ambayo ishara na sauti huitumia mara nyingi, isiyotumika, mara nyingi baada ya sekunde 30 hadi 60. Dalili yake ni hii: simu za kuingia zinafanya kazi muda mfupi baada ya wewe kupiga, kisha zinaacha. Mtambo utume ujumbe wa OPTIONS, ule wa kuuliza kama upande wa pili upo, kila sekunde 20 hadi 30, mlango hautafungwa.

Umefaulu hapa utakapoona, kwenye Wireshark au kwenye logi ya mtambo, ujumbe wa OPTIONS ukijibiwa 200 OK kila mara. Hiyo ni safari ya kwanza, ya ishara. Ya sauti bado.

## Hatua ya 7: Jenga tranki kwenye mtambo

Andika anwani ya seva, jina la akaunti na nywila kama ulivyopewa, herufi kwa herufi. Weka kodeki zile zile na kwa mpangilio ule ule wa mtoa huduma. Weka idadi ya juu ya simu kwa pamoja iwe sawa na chaneli ulizonunua.

Ukiona jibu la 401 au 407 mara moja, usishtuke. Ndivyo seva inavyoomba nywila. Likijirudia bila kufikia 200, nywila au jina si sahihi. Jibu la 403 humaanisha umekataliwa: anwani yako ya IP haijaandikishwa au akaunti haijawashwa. Kama hakuna jibu kabisa, rudi hatua ya 6, pakiti hazifiki.

## Hatua ya 8: Njia za kutoka na za kuingia

Muundo wa kimataifa, E.164, una tarakimu zisizozidi 15 ukianza na msimbo wa nchi. Tengeneza kanuni kwenye mtambo zinazochukua namba jinsi wafanyakazi wanavyoizoea kuipiga, ziondoe tarakimu ya kutokea nje kama ipo, ziiweke kwenye muundo wa mtoa huduma. Jibu la 404 wakati namba ni sahihi karibu daima ni muundo.

Namba za dharura zipite kwa namna zote mbili, zikiwa na tarakimu ya kutokea nje na zikiwa bila. Mtu mwenye hofu hakumbuki tarakimu ya mtambo. Kuhusu hili sibishani na mteja yeyote.

Kwa simu za kuingia, baadhi ya watoa huduma huweka jina la akaunti mahali ambapo mtambo unatarajia namba iliyopigwa, na namba yenyewe wanaiweka kwenye kichwa cha To. Mtambo usioambiwa utapeleka simu zote kwenye ekstensheni moja. Ukiona hivyo, usibadilishe njia. Badilisha sehemu ambayo mtambo unasoma namba.

Namba inayoonekana kwa unayempigia nayo ina sehemu mbili za kuandikwa: From na P-Asserted-Identity. Ikionekana namba ngeni, au simu ikikataliwa, jaribu kuandika namba yako kwenye sehemu ya pili.

## Hatua ya 9: Funga milango ya wezi

Wizi wa simu kwenye mitambo iliyowekwa vibaya ni wa kweli na ni wa haraka. Mwizi akipata nywila ya ekstensheni moja, hupiga namba za kimataifa za gharama kubwa usiku kucha, hasa wikendi, na bili huja kwako.

Nywila ya ekstensheni isifanane na namba yake. Iwe ndefu na isiyoweza kubahatishwa, mtambo wenyewe uitengeneze. Ukurasa wa msimamizi usionekane kutoka nje ya ofisi. Funga nchi zote, ufungue zile tu unazopiga. Weka kikomo cha matumizi kwa siku upande wa mtoa huduma, kwa sababu kikomo kilicho ndani ya mtambo kinakwisha mtambo ukivamiwa. Zima huduma ya kupiga nje kupitia kisanduku cha ujumbe wa sauti.

## Hatua ya 10: Majaribio kwa namba ya muda

Laini za zamani bado zinafanya kazi kwa wateja. Sasa tumia namba ya majaribio kwa siku 5 za kazi angalau. Usijiridhishe na simu moja ya "halo, halo, inasikika".

Piga kutoka ofisini kwenda kila mojawapo ya simu mbili za mkononi, kisha kinyume chake. Hesabu kwa sauti mpaka 20 kila upande, mwenzako aandike namba zilizomezwa.

Simu ikikatika karibu na sekunde 32, una jibu tayari. SIP husubiri uthibitisho wa ACK kwa sekunde 32 kisha hukata. Sauti inapita lakini uthibitisho haufiki, kwa hiyo ni anwani ya nje au SIP ALG. Rudi hatua ya 6.

Acha simu moja wazi kwa dakika 35. Baadhi ya mitambo hupimana upya kila nusu ya muda wa kikao, na muda huo kwa kawaida ni sekunde 1800. Simu inayokatika kwa usahihi dakika ya 15 au 30 inasema upande mmoja haukujibu upimaji huo. Linganisha mipangilio ya kikao pande zote mbili. Hili ni kosa lisiloonekana kwenye majaribio mafupi, halafu linaudhi wateja muhimu, wale wanaoongea kwa muda mrefu.

Piga huduma yenye menyu ya sauti, ubonyeze tarakimu. Zikipuuzwa au zikisomwa mara mbili, mtambo na mtoa huduma hawatumi tarakimu kwa njia moja. Weka RFC 4733 pande zote.

Msubirishe mtu kwa dakika 2, umrudie. Muhamishie ekstensheni nyingine, kisha simu ya mkononi. Sauti huvunjika zaidi kwenye mabadiliko haya kuliko kwenye simu ya kawaida, na jibu la 488 litakuonyesha kuwa kodeki hazikupatana.

Jaza chaneli zote, kisha piga moja zaidi. Anayepiga asikie mlio wa laini zimejaa, si ukimya.

Mwisho, chomoa umeme wa ukutani. Pima UPS inabeba dakika ngapi. Urudishe, uzime ruta na kuiwasha, uone tranki inajisajili yenyewe bila mtu kuigusa. Kama inahitaji kuguswa, itakusumbua saa 9 usiku.

## Hatua ya 11: Kuhamisha namba

Usifute laini ya zamani. Narudia kwa sababu ndiko namba zinakopotelea. Namba huhamishwa ikiwa hai. Ukiifuta kwanza, inarudi kwa mtoa huduma wa zamani, na anaweza kumpa mtu mwingine. Uhamisho ukikamilika, namba inaondoka kwake yenyewe.

Jaza fomu ya idhini kwa jina na anwani kama zilivyo kwenye bili, hata kama kampuni imebadili jina. Maombi mengi hukataliwa kwa herufi moja isiyolingana. Kama namba zako zimefungwa pamoja ili simu iruke kwenye ya pili pale ya kwanza ina mtu, zitaje zote kwenye ombi moja, la sivyo mnyororo utakatika katikati.

Omba siku ya katikati ya wiki, asubuhi. Kamwe Ijumaa. Siku hiyo simu zinaweza kuingia pande zote mbili kwa saa kadhaa, kwa kuwa mitandao haibadilishi njia kwa wakati mmoja. Acha mtu karibu na simu ya zamani. Piga namba kuu kutoka kwenye mitandao yote miwili ya mkononi kila baada ya nusu saa, uandike imelia wapi.

Umefaulu simu kutoka mitandao yote zinapoingia kwenye tranki, na laini ya zamani haina tena mlio ukiinua mkono wa simu.

## Hatua ya 12: Mwezi wa kwanza

Angalia logi kila asubuhi kwa wiki mbili. Majibu ya 503 mengi kwenye saa za shughuli yanaonyesha chaneli hazitoshi au seva ya mtoa huduma imeelemewa. Linganisha idadi ya simu zilizokuwa zikiendelea kabla ya kumlaumu.

Hifadhi nakala ya mipangilio ya ruta na ya mtambo kwenye kifaa kilicho nje ya ofisi, pamoja na ile barua pepe ya majibu ya hatua ya 5. Kigeuzi au kadi ya laini za zamani usiitupe bado.

Kisha chukua orodha ya hatua ya 1 uangalie laini ulizoandika "inafungwa". Hizo hazikuwa kwenye ombi la kuhamisha, kwa hiyo hazijifungi zenyewe na bili yake itaendelea kuja. Andika barua ya kuzifunga namba kwa namba, na upate jibu la maandishi lenye tarehe ya mwisho ya malipo.